Aunty Rose ni Posh

Mama, umeamkaje huko Bungoma? Niko salama kwa Aunty Rose, hapa Gatwekera kwenye nyumba za mabati.

Huku kitu kikiwa cha kitajiri wanasema ni posh. Mimi nilidhani hilo neno ni la zile gorofa za Nyayo Highrise. Jana mvua ikipiga mabati, jirani yetu Mama Brayo aliingia, akavua viatu mlangoni, akatukuta tukinywa chai kwa vikombe vya maua.

"Ai, Rose, wewe ni posh! Unangoja wageni?"

Aunty akacheka. "Mgeni gani ananishinda mimi? Si ndio naishi hapa?"

Chai ilikuwa tamu, Mama! Sasa vile vikombe vyako vya maua, vitoe kwa kabati. Mungu akulinde, na usingoje nirudi. Vinywee leo.

Nekesa wako