Wa Muda au wa Kudumu

Wifi yangu Nafula,

Naandika kwenye kompyuta ya dukani, hii hii ambayo ulikuwa ukinikuta nimeiinamia unanigonga mgongoni na kusema, "Kaa wima, wifi, kiuno hakina spea." Leo nimekaa wima. Mvua imeharibu ile barabara ya kuteremka kwetu, wateja hawaji, na bosi hayupo. Bahasha ninazo rafu nzima, nauza kila siku, ila hakuna ninakoweza kuituma barua hii. Basi naiacha wazi, anayepita asome.

Juzi nilikwenda mjini kufuata vyeti vyako. Nitakueleza. Lakini niache kwanza nikukumbuke kidogo, maana nikianza na ofisi ile nitaandika kwa hasira mwanzo hadi mwisho, na wewe ulikuwa ukisema hasira inakaza shingo.

Nakumbuka siku kaka Elia alipokuleta kwetu Goba. Ulishuka na begi moja, na mto wa kulalia umeukumbatia, umetoka nao Kakamega. Mama alikuwa amekaa kibarazani na kitenge chake cha kanisani, anakusubiri. Ukampa mkono ukasema, "Habari yako, mama?" Basi. Shikamoo hakuna. Mama aliutazama ule mkono kama anatazama bili ya maji.

Nilikuvuta jikoni. "Wifi, huku mkubwa anaamkiwa shikamoo."

Ukaziba mdomo. "Ai! Na mimi nimemwamkia kama rafiki yangu!"

Kuanzia kesho yake ukamwamkia kila kiumbe, mpaka muuza mkaa, kijana wa watu ambaye ungeweza kumzaa. Naye bila aibu akaitika, "Marahaba, mwanangu, unataka gunia au kopo?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kuamkia ulijifunza. Kilichokushinda ni "nipe". Nipe chumvi. Nipe simu yako nione. Nipe nafasi nipite. Kwenu ni maneno ya kawaida, kwetu mtu akiyasikia anaona ameamrishwa na askari. Mama alimwambia Elia mezani, wewe ukiwepo, "Mwambie mkeo hapa siyo kituo cha polisi. Tunasema naomba." Elia alicheka peke yake.

Jioni ile ile Mama alisema neno jingine, akidhani hatusikii. "Huyu ni wa muda tu. Akishaonja shida za huku atapanda basi arudi kwao." Tulikuwa jikoni, ukuta mmoja naye. Uliendelea kukanda unga wa chapati, unaukunja, unaukandamiza na kiganja, unaugeuza. Mie ndiye niliyeshindwa kukutazama.

Nilikutania sana kuhusu kazi yako, unisamehe. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu amesomea tiba ya viungo. "Yaani wifi, umekaa chuo miaka yote ile kusomea kukanda watu? Si ungebaki na chapati, nazo zinakandwa."

"Chapati haina neva," ulinijibu, ukanichapa na taulo la vyombo.

Kisha hospitali moja ya binafsi kule Boko wakakuhitaji. Walikufanyia usaili, wakaridhika, wakakuambia ulete leseni ya muda uanze kazi. Ulinieleza hapa hapa dukani, nikikutolea kopi za vyeti: wewe ulisajiliwa kwenu, siyo huku, na mtaalamu aliyetoka nje anaweza kupewa leseni ya muda afanye kazi chini ya uangalizi wakati usajili wake kamili ukishughulikiwa. Ulikuwa na furaha hata ukasahau chenji yako. Ukaenda kushonesha koti jeupe kwa fundi cherehani, ukalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chenu. Liko pale mpaka leo. Halijawahi kutoka nje ya chumba kile.

Kabla hujapeleka ombi, Mama akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukaenda pembeni, maneno yakapotea. Hospitali walimhudumia vizuri, wakamruhusu. Yaliyobaki yakawa yako. Kila asubuhi ulitandika mkeka kibarazani, ukapiga magoti mbele ya mwanamke aliyekuita wa muda, ukamshika kiungo kimoja kimoja kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka. "Nipe mkono, mama. Nipe mguu. Vizuri. Nipe tena." Mama alikuwa anatoa sauti tu, hakuna neno lililoeleweka. Tulishaanza kuzoea kwamba hatazungumza.

Asubuhi moja nilikuwa naanika nguo. Ukasema kama kawaida yako, "Nipe mkono, mama." Nikaona Mama anakunja uso. Midomo ikahangaika. Kisha, polepole, kama mtu anayesukuma kabati zito, akasema:

"Sema... naomba."

Lilikuwa neno lake la kwanza. Ulicheka mpaka ukakaa chini, halafu kicheko kikageuka kilio, na Mama naye akawa anacheka na nusu ya mdomo iliyokuwa nzima. Ukajifuta macho na kanga. "Naomba mkono, mama." Akakupa. Ule wa kulia. Ulitetemeka njia nzima, lakini ulifika.

Jumapili kina mama wa jumuiya walikuja kumwona. Mmoja wao, unamkumbuka, yule asiyejua kunong'ona, akauliza, "Na Mkenya wenu bado yupo?" Mama akamgeukia. Alikuwa bado anayatafuta maneno moja moja, lakini yale mawili hakuyatafuta.

"Wa kudumu."

Uliondoka na vikombe kama vile hukusikia. Nikakufuata, nikakukuta umesimama mbele ya jiko unajisemea peke yako, "Wa kudumu." Unalisema vile mtu anavyojaribu kiatu kipya ndani ya nyumba kabla ya kutoka nacho nje.

Na ulitoka nacho nje, wifi. Wiki ile ile tulikwenda pamoja mjini, ofisi ya leseni. Nilibeba bahasha ya kopi, wewe ukabeba vyeti halisi. Bwana tuliyemkuta dirishani hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa na kiburi. Mpaka leo nikitafuta wa kumchukia simpati, na hilo ndilo linalonichosha.

"Shikamoo," ulimwambia, naye ni mdogo kwako.

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Nipe... samahani. Naomba leseni ya muda."

Akafungua vyeti, akavisoma kweli, akavisifia. "Umekuja na mradi? Au una mkataba?"

"Nimeolewa hapa. Naishi Goba."

"Aa. Kwa hiyo huku kwetu wewe ni wa muda au wa kudumu?"

Nilikuwa pembeni yako. Nilikuona ukinyoosha mgongo. Ungeulizwa swali lile wiki moja kabla, ungesita, ungeuliza kwanza lina maana gani. Lakini ulikuwa umepewa neno Jumapili, lilikuwa bado jipya, na ulikuwa na hamu ya kulivaa mbele za watu.

"Wa kudumu," ulisema.

Akafunga faili taratibu. "Basi dada, wa kudumu hapewi ya muda. Ya muda tunawapa wanaokuja na kuondoka. Wewe unastahili usajili kamili. Dirisha la pili."

Tulifurahi! Tulidhani tumepandishwa daraja. Dirisha la pili wakavichukua vyeti halisi kwa ajili ya uhakiki, wakasema usajili kamili unahitaji barua ya mwajiri wa hapa nchini kuthibitisha kwamba umeshafanya kazi chini ya uangalizi. Boko wakasema hawawezi kumwacha mtu asiye na leseni amguse mgonjwa. Ukarudi dirisha la kwanza, wakakusogeza la pili. La pili wakakuambia ulete barua. Madirisha mawili, na mlango hakuna. Boko walikusubiri kwa uvumilivu, kisha wakamchukua mtu mwingine, na sikuwalaumu.

Jirani yetu Fundi Hamisi, mjenzi, alikuja siku moja ameshika bega. Alikuwa amesikia habari za Mama. "Dada Mkenya, hebu nikamatie hili bega, limegoma hata kunyanyua mwiko."

Uliirudisha mikono yako nyuma, ukaificha ndani ya kanga. "Samahani, fundi. Sina ruhusa."

"Ruhusa? Ya kushika bega? Nani atauliza?"

"Mama ni wa nyumbani. Nje ya nyumba sina ruhusa. Nenda hospitali, usikae nalo."

Alicheka akidhani unamtania. Alipokuona usoni akaacha kucheka, akaaga. Ulikuwa na haki, sheria ni sheria, nami nisingetaka mtu yeyote tu ajitangaze mtaalamu na kumvunja mtu shingo. Ila wewe hukuwa mtu yeyote tu. Ulianza kuuza chapati pale njia panda. Watu wakazipenda, wakauliza, "Huu mkono wako una nini?" Una shahada, nilitaka kuwajibu. Una shahada na mihuri, viko kwenye droo mjini.

Kisha asubuhi moja kichwa, presha, gari la jirani, hospitali. Walihangaika nawe. Hukurudi. Sisemi leseni ndiyo iliyokuua. Watu wanakufa kwa presha wakiwa na leseni zote ukutani. Nasema tu kwamba ulikufa ukiwa muuza chapati, na hukuwa muuza chapati.

Baba yako alipiga simu akisema, "Tupeni mtoto wetu tumzike nyumbani." Tupeni. Nilisikia sauti yako ndani ya neno lile, na hakuna mtu aliyethubutu kumkosoa mzee wa watu. Elia ndiye aliyeshika simu. Mwishowe baba yako akauliza, "Yeye mwenyewe alisemaje?" Elia akamwambia ulisema wewe ni wa huku. "Basi," mzee akasema, "msimwache peke yake." Walikuja wote, wakakuzika pamoja nasi.

Sasa nikueleze ya juzi. Nilitaka vyeti vyako vikae nyumbani, mwanao Tumaini akikua ajue mama yake alikuwa nani. Bwana wa dirishani ni yule yule. Nikamtajia jina lako.

"Mhusika aje mwenyewe."

"Mhusika amefariki."

Akavua miwani. Akanipa pole, pole ya kweli, akavifuata vyeti mwenyewe bila kunizungusha. Alipokuwa ananikabidhi akayaangalia tena yale majina. "Si yule aliyeanza na nipe akajirekebisha? Namkumbuka." Kisha akatikisa kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayenipa siri ya kunisaidia: "Lakini dada, si angesema tu ni wa muda? Wote wanasema hivyo. Wanapata, wanaanza kazi, ikiisha wanaomba tena. Wapo wanaozeeka nayo. Mimi nilimuuliza makusudi, nimpe nafasi."

Nilimshukuru. Nilifika mpaka kituoni, nikakaa kwenye ukingo wa barabara na shahada yako mapajani. Nafasi ilikuwepo, wifi. Ilikuwa neno moja. Wanaosema wataondoka wanabaki, na wewe uliyesema utabaki ukafungiwa. Neno lile lilitoka kinywani mwa mama yangu, kwa upendo, baada ya kukunyima muda wote ule. Mama sijamwambia. Sitamwambia.

Anatembea siku hizi na mkongojo, mpaka kwa jirani na kurudi. Tumaini anamwambia, "Bibi, nipe maji," sauti yako kabisa. Mama anampa. Hamwambii aseme naomba.

Jana tulikwenda makaburini, mie na Mama, kukutana na Fundi Hamisi atakayekujengea kaburi. Ule msalaba wa mbao wa siku ya mazishi umeanza kupinda kwa mvua. Fundi akauzunguka, akapima kwa hatua, bega lake bado linakwenda upande. "Dada huyu alininyima mkono wake," akasema, "lakini alininyima kwa adabu." Halafu, bila kujua analouliza, akaushika ule msalaba wa mbao na kutugeukia:

"Sasa mniambie. Niutengeneze huu huu uwe wa muda, au mnataka wa kudumu?"

Nilimwona akilini yule bwana wa dirishani na faili lake. Nikawa natafuta jibu la kijanja, lile ambalo halitatufungia mlango.

Mama hakutafuta. Alisogeza mkongojo, akanyanyua mkono wa kulia, ule ule, akaunyoosha kuelekea kwenye udongo wako.

"Nipe wa kudumu," alisema.

Fundi akaandika kwa penseli juu ya kipande cha ubao, akaendelea kupima. Ni mtu wa kwanza, wifi, aliyeuliza swali lile na kulikubali jibu.

Pumzika. Nimekaa wima.

Ni mie, wifi yako wa Goba.