Mwenyekiti Mwenye Tangi

Kerubo mjukuu wangu,

Huku Nyamarambe tu wazima, na babu yako amepata nafuu, anabishana na redio tena. Umeniuliza kama ofisi za umma huharibiwa na watu wabaya.

Nikiwa kijana, mwenyekiti wa kamati ya chemchemi yetu alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwema kabisa. Ila kwake kulikuwa na paa la mabati na tangi la maji ya mvua. Bomba la chemchemi lilipovunjika, alituombea tu. Wanawake wakanichagua mimi wa nyumba ya nyasi, nisiye na maji mengine, niwe mwenyekiti mahali pake. Bomba likatengenezwa kabla ya Sabato. Bado nasikia tulivyoimba tukichota Ijumaa ile.

Mwezi uliopita baba yako alinijengea tangi. Nilimshukuru, kisha nikaenda kujiuzulu uenyekiti.

Nyanya yako,
Bosibori