Tone la Tatu

Jumanne, 28 Shaaban
Tongotongo tena. La manjano, limegandisha kope. Bi Salama kalifuta kwa pamba na maji ya moto. Mke wangu, miaka thelathini ya ndoa, asubuhi kazi yake kunitoa uchafu. Nimejionea kinyaa.

Kisha matone. La kuua vijidudu, la kutuliza uvimbe, la kushusha presha ya jicho. Hilo la tatu chungu, linateremka mpaka kooni. Nimetema dirishani.

Jumatano, 29 Shaaban
Hospitali. Daktari wa macho kanitundikia kijikaratasi kwenye kope la chini, kinakunywa machozi. Eti yanakwenda maabara. Nimekuwa mwashi maisha yangu yote, leo napimwa machozi! Majibu ya mwezi uliopita yameonesha uvimbe ndani, ingawa mie sisikii maumivu. Uvimbe ukikaa, presha hupanda, na presha hula mshipa wa kuonea kimya kimya. Mashine haisomi juu ya kioo cha bandia nilichotiwa jichoni, basi kanibonyeza jicho kwa vidole kama anunuaye embe. Kasema nisikose tone hata siku moja.

Jicho la kushoto liliunguzwa na chokaa, limekufa. Hili la kulia, lenye kioo cha bandia walichonitia Dar, ndilo pekee nilo nalo.

Alhamisi, mwezi mosi Ramadhani
Mchana sitii dawa. Kitu kikifika kooni, nimekula. Saumu yangu siichezei.

Bi Salama kaniletea fatwa: tone la jicho halifunguzi saumu. Nani kasema? Shehe wa msikiti wa juu. Lo! Yule wa chama kile! Tangu vije vyama vingi vya siasa hatusali nyuma yake, futari yao hatuigusi, maiti wao hatuwaziki. Leo anifundishe saumu? 

Jumapili, 11 Ramadhani
Nilisema nitatia baada ya futari. Nafuturu, nasali tarawehe, nalala. Bi Salama akiuliza, namwambia nimeshatia. Mwongo mkubwa mie, na nimefunga.

Kichwa kinauma upande mmoja. Taa ina duara la rangi. Harufu ya samaki wa kukaanga inanitia kichefuchefu. Kila kitu kinanichukiza, hata sauti yangu nikisoma Kurani.

Jumanne, 20 Ramadhani
Jicho kama limepigwa nyundo. Nimetapika mkekani.

Bi Salama kaitafuta chupa ya tone la tatu. "Imejaa, Baba Asha." Basi. Hakunigombeza, kajifunika uso kwa kanga. Bora angenitukana.

Gari mtaani hakuna. Kaenda kumwita shehe wa msikiti wa juu, mwenye pikapu. Nikasema siendi. Bi Salama kaniambia, "Basi kaa upofuke na chama chako." Nikenda.

Njiani nikatapika tena, ndani ya gari lake, juu ya kanzu yake. Kavua kilemba kanifutia mdomo. Yule ambaye nimepita mlangoni kwake miaka bila salamu. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumatano, 21 Ramadhani
Wamenilaza. Presha wameishusha kwa sindano na vidonge. Daktari kasema jicho lilikuwa gumu kama jiwe. Kaniuliza kwa nini niliacha dawa. Nikamwambia. Kashika kipaji cha uso. Na yeye pia kafunga.

Katikati ninaona. Pembeni pamekwenda na hapatarudi. Kichupa kimoja cha dawa! Nimeuza nuru yangu kwa ukaidi, na hakuna wa kumlaumu.

Ijumaa, 30 Ramadhani
Nimerudi nyumbani. Shehe kapita kunijulia hali. Nimempa mkono. Tone la tatu nimelitia mchana, mbele yake. Chungu vile vile.

Jumamosi, Mfungo Mosi
Idi. Chai ya maziwa, mkate wa ajemi. Watoto wamekuja na wameondoka, nyumba imetulia. Nikamwita Bi Salama aje anywe chai na mie. Nikamwita mara ya pili, kwa sauti.

Kumbe kakaa ubavuni mwangu, pembeni nisipoona, tangu mwanzo.  Kachukua kikombe chake, kahamia mbele yangu.