Nyungunyungu Ulionichimbia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia kwenye simu kwamba umeanza tena kushuka ziwani kwa fimbo, nikafurahi. Mimi mzima wa mwili, ila nimechoka, baba, nimechoka hasa. Ningekupigia, lakini jambo hili mdomo umekataa kulisema.

Wale nyungunyungu ulionichimbia mgombani Krismasi wamekufa wote.

Unajua ndio walionilisha. Wageni wanaokuja kuvua sato kwa ndoano kwenye mabwawa ya bosi wangu hapa Boko walikuwa wakikisifu chambo changu. Nilifanya ulivyonifundisha: udongo mweusi, samadi kuukuu iliyokwisha joto, uji uliolala kidogo tu, gunia bichi juu, ndoo kivulini. Wakazaana hadi nikawa nawagawa ndoo tatu. Miezi yote hiyo nilitumia maji ya mvua. Mvua ilipokatika, nikachota kisimani.

Najua utakachouliza. Ndiyo, nilionja. Nilichovya kidole nikaweka ulimini, kama ulivyokuwa ukifanya kabla ya kunyunyizia chungu chako cha nyungunyungu, mimi na mama tukikucheka. Nikaona maji mazuri. Siku ya tatu nilipofunua gunia, walikuwa juu ya udongo, wamesinyaa, hakuna hata mmoja anayetikisika. Nililia, baba, mtu mzima nalilia minyoo.

Nikamwita mlinzi wetu mpya, kaka mmoja aliyetoka Ukerewe, huko huko ziwani, mwezi huu. Akaonja yale maji, akatema palepale.

“Sista, mbona ya chumvi haya!”

“Chumvi iko wapi?”

Akanitazama. “Kwani upo Dar miaka mingapi wewe?”

Saba, baba.

Bosi amesema mwisho wa mwezi ukifika sina chambo, kazi ataipata mwingine. Hilo linaniumiza, lakini si kama lile la ulimi wangu kuzoea chumvi bila mimi kujua. Nilifanya kila kitu kama wewe, na bado nikakosea.

Usinitumie wengine kwa basi. Nimeomba ruhusa, nakuja kuwachukua mwenyewe. Msalimie mama, na shangazi anayekukanda goti, na kaka yangu, mwambie asiuguse mgomba ule mpaka nifike.

Na nikifika, baba, kabla ya chakula, nipe kata ya maji ya ziwani. Nataka nijue kama bado nitayatambua.

Mwanao anayekukumbuka,
Neema