Msumeno Mwembamba wa Matendegu

Ijumaa, 1 Rajabu 1323

Mshamu kapewa misumeno yote! Yote! Mwanangu mimi! — Bismillahi. Nimemtanguliza mwana kabla ya Mola. Mola anisamehe, si ndiye aliyenipa?

Mzungu wa kiwanda cha mbao kakimbilia Darisalama kwa hofu ya vita vya huko milimani, na funguo kamwachia Mshamu. Jirani yangu Zena asema kaachiwa kwa kuwa wenzake wote walishakimbia. Husuda tu!

Jumapili, 3 Rajabu

Fundi Kibwana, baba yake Mwanamina, kaja kumpima mkwe. Posa kaipokea, lakini binti hatoki mpaka Mshamu akate kitanda cha arusi kwa ile mashine ya kiwandani, mbele ya watu. Kibwana anakata kwa mkono miaka arobaini. Mashine, asema, inajua kunyoosha tu.

Akamuuliza Mshamu: matendegu, ile miguu ya kitanda iliyopinda, utaikata kwa msumeno upi? Nikajibu mimi: ule mpana kuliko yote! Kibwana kacheka hadi kofia ikaanguka. "Bi Mwantum, huo hata kona haupiti!"

Baadaye Mshamu akanieleza, taratibu. Misumeno ya mashine ni mikanda ya chuma, inazunguka haina mwisho. Mpana wa meno makubwa ni wa kupasulia mbao ndefu za ubavuni. Unakwenda moja kwa moja, haugeuki — kama marehemu baba yake. Meno makubwa kwa mti mbichi, unga wa mbao upate pa kutokea. Meno madogo kwa ubao mwembamba mkavu. Makubwa yangeudaka na kuurusha. Na kwa matendegu, mkanda mwembamba kama utepe. Ukiulazimisha mpana kwenye kona, mti unaungua au msumeno unakatika. Na mwembamba anao mmoja tu. Mmoja!

Nimeelewa yote. Zena nimekwisha kumfundisha.

Jumanne, 5 Rajabu

Wasemao wasema watu wa vita wanatafuta chuma. Mshamu kauleta ule mwembamba nyumbani. Kaukunja duara tatu, kaufunga kamba. Mama, kaniambia, usiufungue.

Jumatano, 6 Rajabu

Nimeufungua.

Kidogo tu! Wanawake wanne walikuja, ningewaonyesha nini — kamba? Ukaruka — pwaa! — ukajaa chumba kizima. Zena juu ya kitanda, mie nyuma ya mtungi. Kilichokatika ni pazia tu, alhamdulillahi. Kuukunja sasa! Tukiuingiza huku, unatokea kule.

Akaja Sijaona, binti wa shangazi yangu, aliyekimbia vita huko Kibata, wiki ya tatu yuko kwangu. Kaukanyaga, kauzungusha mikono mara moja — duara tatu! Nikamshukuru. Akautia ndani ya kanga yake. "Kilichomshinda mtani ni cha mtani."

Na kweli ni mtani wangu. Mtani hakasirikiwi. Nimetabasamu mpaka taya zinauma.

Jumapili, 10 Rajabu

Nimempa kuku: kala. Nimempa kanga mpya: kavaa. Msumeno hatoi. Mshamu kamsihi, "Mama mdogo, nitaoa na nini?" "Oa na huo mpana, baba, upate mke asiyegeuka!" Hata Mshamu kacheka, mpumbavu.

Leo katoa sharti. Siku ya kukata kitanda nisimame mbele ya wote niseme: Nassibu wa Sijaona kampita Mshamu wangu kwa ufundi.

Astaghafirullahi! Huyo mwanawe Nassibu! Mwiko aliouchonga ulivunjika ndani ya uji. Uji!

Jumanne, 12 Rajabu

Nimemfuata Sijaona jikoni. Mtani, utani una mpaka, dai kingine. Alikuwa anapeta mchele, hakuniangalia. Akasema tangu Nassibu aende na wenzake kunywa ile dawa ya maji, hakuna anayemtaja. Watu wanaogopa askari. "Hata wewe, Mwantum. Mshamu, Mshamu, kutwa nzima. Wangu hata mara moja. Na hapa kijijini hakuna ajuaye kusifu mtoto kama wewe."

Nikatoka jikoni bila kumtaja Mshamu. Mie!

Nimejaribu nyuma ya nyumba, mbele ya kuku. "Nassibu wa Sijaona ka—" Ikakwama. Nikajaribu tena: ni fundi hodari, karibu sawa na Mshamu. Sauti ikatoka jikoni: "Karibu sawa siyo kumpita!"

Na ikiwa mmoja wa wageni atapeleka maneno kwa askari? Kwamba mie namsifu mtu wa vita? Mshamu nimemuuliza. Kasema, Mama, sema au usiseme, mie sitakulaumu. Kisha kanoa ule mpana, ambao hauna kazi na matendegu.

Sijaona kalala na msumeno chini ya mkeka. Gogo la mkongo liko tayari kiwandani. Kibwana katuma salamu: anakuja kushuhudia kitanda kikikatwa, na ndugu zake wote, na wake zao, na watu wa msikitini — Ijumaa, wakishaswali.