Saini Upande wa Kulia

Bujumbura, Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Kwanza nataka kujua umeamkaje, na kama kile kikohozi cha vumbi kimekuachia. Nataka kujua pia kama paa la jikoni limezibwa, maana mvua za huku zimeanza na nadhani za Kalemie haziko mbali. Mimi ni mzima. Nakula, naenda kazini, Jumapili naenda misa ya kwanza. Chumba changu ni kilekile cha Kinanira. Suruali za Kabwe nimezikunja na kuziweka kwenye sanduku, ila ile kofia yake ya sufu iko bado kwenye msumari.

Barua yako ilifika kwa mkono wa yule mama muuza ndagala, ikinuka samaki, nami niliisoma nikiwa nimesimama hapohapo sokoni. Uliniuliza kama nimeshamwota mwanao. Ukaandika kwamba wewe umemwota mara moja, amekaa juu ya pipa nyuma ya nyumba, anakula muhogo mbichi, na hakukutazama.

Mimi sijamwota, Mama. Ni miezi saba sasa tangu tumzike. Nalala upande wangu wa kitanda, namwachia nafasi yake, na asubuhi shuka la upande ule limenyooka vilevile. Sikukujibu mapema kwa sababu hilo si jibu lote. Kabwe alikuja. Ila hakuja kwangu.

Nitakueleza tangu mwanzo, kisha utaamua mwenyewe kama nimekukosea.

Unaijua kazi yake. Huku mtu wa kunyoosha viungo wanamwita kine. Katika hii nyumba ya wazee ya Kiriri alikuwa na wazee kumi na mmoja, kila mmoja na goti lake au nyonga yake, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Kwenye mlango wa kila chumba kuna msumari, na kwenye msumari karatasi ya bima na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mazoezi yakiisha, mzee anatia saini upande wa kushoto, au kidole gumba kama hajui kuandika. Kine anatia saini upande wa kulia. Mwisho wa mwezi Masera Imelda, mtawa anayeongoza nyumba, anapeleka karatasi, na bima inairudishia nyumba gharama zake. Saini moja ikikosekana, hairudi hata senti.

Na bima hii ina tabia yake. Inataka mzee awe anapata nafuu, lakini asipone. Mzee Bonifasi wa chumba cha sita, aliyekuwa karani wa posta, alikuwa akimwambia Kabwe kila mara: "Nikipona, asiransi inakata. Nikikosa kupona, inakata. Basi mi niko napona kidogo-kidogo, vile wao wanapenda." Kabwe alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaandika: anaendelea vizuri, polepole.

Baada ya mazishi Masera alitafuta kine mwingine, hakupata. Akaniambia niendelee mimi, kwa kuwa nina cheti cha msaidizi na bima inakikubali. Nilijaribu siku moja. Nilipoweka mikono juu ya goti la Mzee Bonifasi, mikono ilikataa. Ilikuwa kama kuvaa viatu vya mtu vikiwa bado na joto la miguu yake. Nikaomba nipelekwe chumba cha kufulia. Kwa hiyo wazee wakabaki bila mazoezi. Hivyo ndivyo tulivyodhani sote.

Miezi ikapita, Masera akizipeleka karatasi kwa mazoea bila kuzitazama, kisha bima ikarudisha bahasha nzima. Masera aliniita ofisini, akatandaza karatasi mezani. Upande wa kushoto ulikuwa umejaa: saini ya Mzee Bonifasi yenye mkia mrefu, vidole gumba vya wengine, siku kwa siku, bila kuruka hata siku moja ya kazi. Upande wa kulia ulikuwa mtupu.

"Mapendo, ni nani anawatembeza wazee?"

"Hakuna, Masera."

"Basi hii ni nini?"

Tulikwenda pamoja chumba cha sita. Mzee Bonifasi alikuwa anasikiliza redio.

"Mzee, nani amekunyoosha mguu leo?" Masera akauliza.

"Kabwe."

"Kabwe amekufa, Mzee. Ulikuwa kwenye misa yake."

"Ee, nilikuwa. Nililia sana. Kesho yake akakuja, saa ine kama kawaida. Mi ningemwambia nini? Mutu amekuja kazini. Ni miye wa kumufukuza?"

Akapunguza redio, akamtazama Masera kama vile alivyokuwa akiwatazama watu waliosahau kubandika stempu.

Tukaenda kwa Mama Spesiyoza, mwisho kabisa wa ujia. Yeye na Mzee Bonifasi hawasemezani tangu ugomvi wa kiti cha kwenye veranda, kwa hiyo hawakuweza kupangiana maneno. Alisema: "Anaingia bila hodi. Siku hizi haongei. Mikono yake iko baridi kidogo, lakini kazi anaijua."

Masera alifanya ishara ya msalaba, akasema uzee ni mzigo. Siku iliyofuata, saa sita kasoro, nilibeba mashuka safi, nikaenda kukaa chumba cha sita.

Kulikuwa na jua, Mama. Nataka ujue hilo. Dirisha lilikuwa wazi, na chini kabisa ziwa lilikuwa linang'aa. Mzee Bonifasi alivua soksi, akalala chali, akapandisha suruali mpaka juu ya goti, kama mtu anayejua zamu yake imefika. Kisha mguu wake wa kulia, ule ambao mwenyewe hawezi kuuinua, ukainuka. Ukajikunja. Ukanyooka. Nilisikia harufu ya mafuta ya kafuri, na chupa ya kafuri nilikuwa nimeifungia mimi mwenyewe kabatini.

Miguu ya Mzee Bonifasi imejaa maji. Nyama iliyojaa maji ukiibonyeza inabaki na shimo kwa muda, hilo tunafundishwa siku za kwanza kabisa. Niliona mashimo yanatokea kwenye shavu la mguu wake, moja baada ya jingine, pale ambapo kine anashika. Nilisogea. Niliweka vidole vyangu ndani ya alama zile, navyo vilipwaya. Ulikuwa mkono wa mwanamume. Na alama ya kidole cha tatu ilikuwa fupi, imeishia kwenye kiungo.

Wewe unakijua kidole kile. Ni wewe uliyekifunga kwa kipande cha kitenge chako, siku mlango wa duka ulipombana. Aliniambia kwamba hakulia kwa ajili ya kidole, alilia kwa ajili ya kitenge.

Nikasema, "Kabwe, ni mimi."

Mguu ulitua kitandani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto asimwamshe. Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Mashimo yakajaa polepole mpaka ngozi ikawa sawa.

"Umemukatiza," Mzee Bonifasi akasema kwa hasira. "Alikuwa amebakisha kumi."

Tangu siku hiyo, kila saa nne nilisimama kwenye ujia. Sikumgusa mtu, sikusema neno. Nilisimama tu, nikisikia vitanda vinavyolia chumba kwa chumba, kuanzia cha kwanza kwenda cha kumi na moja, kwa mpango wake uleule. Mara moja nilimwuliza Mama Spesiyoza kama Kabwe ameniulizia. Alifikiri kidogo, maana ni mtu asiyependa kudanganya, akasema: "Apana, mwanangu. Yuko kazini." Nililia chumba cha kufulia, kwenye mashuka. Lakini kesho yake nilisimama tena. Hata hiyo ilikuwa habari yake.

Kisha bima ikamtuma daktari wake mkaguzi. Ni mwanamke kijana, mpole wa sauti, na kipimo chake cha kupimia goti linajikunja kiasi gani. Alipima wazee wote kumi na mmoja, akalinganisha na faili. Alipofika kwa Mzee Bonifasi alipima mara tatu.

"Goti hili lilikuwa halifiki hapa," alisema. "Goti haliwezi kujifanyia hivi lenyewe. Nani alimfanyia?"

Mzee Bonifasi akafungua mdomo, Masera akakohoa, mzee akaufunga.

Daktari akatuita ofisini, akaongea bila kelele. Kama hakuna aliyewafanyia mazoezi, nyumba imepeleka karatasi za uongo, naye atawakata wazee wote. Hakutakuwa na kine tena wa kulipiwa na bima, hata akipatikana. Kama yupo aliyewafanyia, atie saini upande wa kulia kufikia Ijumaa.

Alipoondoka, Masera alinisogezea karatasi. "Mapendo, cheti unacho. Tia saini."

"Si mimi, Masera."

"Najua si wewe. Unataka niandike nani?"

Mama, wazee hawa wakilala bila mazoezi wanaisha haraka. Viungo vinakaza, mgongo unatoka vidonda, na ukipata vidonda katika umri ule hutarudi tena kwenye veranda. Nilijua hilo. Lakini nilijua pia kwamba nikiandika jina langu pale nitakuwa nimesema hakuwepo. Niliomba siku mbili.

Aliyeniamulia ni Mama Spesiyoza. Nilikuwa nabadilisha foronya zake, akanishika kifundo cha mkono.

"Hamukumugandukia," alisema.

Kuganduka ni kuondoa kilio, Mama, kwa namna ya Warundi. Watu wanakaa, wanakunywa, msemaji anauliza marehemu alidai nani na alidaiwa nini, kisha anaonyeshwa yule anayeshika nafasi yake. Kwa Kabwe hatukufanya. Ndugu zake hawako huku, na wewe uliandika kwamba tungoje nije Kalemie, tukiondoe pamoja, mbele ya ukoo. Nilimwambia hivyo.

"Mama yake iko mbali," akasema. "Sisi ndio wanatukata Ijumaa. Sikia. Mutu asipogandukiwa, jembe lake linabaki lake. Nani amelipokea? Wewe ulilikimbia, ukaenda kufua. Sasa yeye afanye nini? Apumuzike wapi?"

Alisema bila ukali, na mkono wangu hakuuachia.

Alhamisi baada ya chakula tulikaa kwenye chumba cha kulia. Masera alituruhusu fanta, na mtoto wa Mama Spesiyoza alileta pombe ya ndizi kwenye kibuyu, na mirija. Mzee Bonifasi alikuwa msemaji, amevaa koti lake la posta. Aliuliza kama kuna mtu anayemdai Kabwe. Mama Spesiyoza akasema alimwahidi kitana cha meno mapana, hakukileta. Mzee Bonifasi akasema, "Nitakulipa mi," na watu wakacheka, maana ndiyo mara ya kwanza amesema naye tangu vile vita vya kiti. Kisha akasimama kwa fimbo yake.

"Kazi yake, nani anaishika?"

Mama, ile harufu ya kafuri ilikuja. Ilikuja kutoka mlangoni, ikapita katikati ya viti, na wazee waligeuza vichwa kuifuata, mmoja baada ya mwingine, bila kushangaa. Ikasimama nyuma yangu. Nilisikia baridi kwenye shingo, pale ambapo alikuwa akinigusa nikichelewa kuamka. Kwa miezi yote ile hakuwa amenijia, na sasa alikuwa hapo. Nilitamani nisijibu kamwe. Nilitamani tukae hivyo mpaka jioni, mpaka Ijumaa ipite.

Nikamtazama Mzee Bonifasi. Goti lake lilikuwa linatetemeka kwa kusimama, na alikuwa hakai kwa sababu yangu.

Nikasema, "Mimi."

Harufu ikaondoka. Haikuondoka polepole kama harufu zinavyofanya. Iliondoka kama taa ukiizima.

Ijumaa nilitia saini. Karatasi ni nyingi, mkono uliniuma. Kila siku ya kazi yake niliiandika kwa jina langu, na daktari aliponiuliza nilimtazama usoni nikasema ni mimi niliyewafanyia. Alinitazama mikono, akapiga muhuri. Bima imekubali kuendelea nao.

Jumatatu saa nne niliingia chumba cha kwanza, na karibu saa sita nilikuwa kwa Mzee Bonifasi. Alinyoosha mguu. "Mikono yako iko moto," alilalamika. "Ile baridi ilifaa goti." Lakini hakuikataa. Tangu hapo hakuna kitanda kinacholia chenyewe, na hakuna mzee anayelitaja jina lake tena. Nikilitaja mimi, wanaitikia kwa heshima, kama watu wanavyomtaja aliyestaafu.

Hilo ndilo kosa langu, Mama. Nimeondoa kilio cha mwanao bila wewe, kati ya watu wasio ukoo wake. Na kazi yake ya mwisho, aliyoifanya kwa uaminifu bila mshahara, nimeiandika yangu. Kama utakasirika, nikasirikie. Ila usinyamaze.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie redio aliyotaka nimeiona, nitaituma. Nisalimie wifi yangu Anjelani na mtoto aliyemzaa, ambaye bado sijamshika. Nisalimie jirani yako anayekusomea barua na kukuandikia, na kama ni yeye anayesoma hii kwa sauti, namwomba sehemu inayofuata asome taratibu, karibu na sikio lako.

Mama, hapa tumemgandukia. Kwenu bado. Kwenu mwanao bado hana aliyeshika nafasi yake, na mtu asiye na ruhusa ya kupumzika lazima awe mahali fulani. Kwa hiyo nakuomba, ukiletewa habari ya kuondoa kilio, waambie wangoje kidogo. Na asubuhi, saa nne, usifunge mlango. Asipoongea, usimwulize kitu. Nyoosha tu miguu.

Ni mimi, mke wa mwanao na binti yako,

Mapendo