Jabali Si Wangu

Malaba, Jumapili, Aprili 1974. Mvua tangu asubuhi, matope hadi kizingitini, na nimekasirika hata chai haishuki.

Vitabu vyangu vitatu vya Akiru, yule msichana anayeita mvua na kupigana na majitu chini ya mlima wa Amukura, vilikaa dukani mpaka panya wakavionja. Hakuna aliyeviulizia. Kisha redio ikavifanya mchezo wa kuigiza. Loo! Sasa kila Jumapili madereva wanaosubiri karatasi zao za forodha wanajazana mlangoni pa ofisi yetu kusikiliza, na vitabu vimeisha kuanzia hapa hadi Nambale.

Nisidanganye, nilifurahi. Siku ya kwanza niliposikia jina la Akiru redioni nilirukaruka kama mtoto.

Lakini huyu Jabali ametoka wapi?

Watu wa redio wamempachika Akiru kaka. Jabali ndiye anayepigana, Jabali ndiye anayeita mvua. Akiru wangu kazi yake ni kulia tu, "Kaka, niokoe!" Na watu wanampenda huyo Jabali ajabu. Leo dereva mmoja amenirudishia kitabu nilichomwazima, wala hajui kwamba mwandishi ni mimi. "Boss, hii kitabu si ya ukweli. Jabali hayuko!" Nikakipokea kitabu changu.

Ijumaa mhariri alinipigia simu kutoka Nairobi. Kitabu cha nne lazima kiwe na Jabali, la sivyo hawachapi. Eti wasomaji wameshaamua. Wasomaji gani? Hao hao waliowaachia panya vitabu vyangu?

Hata hivyo, jana nilikaa nikamwandika huyo Jabali, kurasa mbili. Nilitaka kitabu kitoke, basi.

Alasiri mvua ilipokatika nikamkuta binti yangu Asege uani, anacheza na wenzake. Yeye ndiye niliyemtungia Akiru, enzi zile alipokuwa anaogopa radi. Wamemfunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo, naye ametulia tuli, anangoja. Nikamwambia, "Akiru hukata kamba kwa meno yake mwenyewe, umesahau? Haya, kata!"

"Aa, Baba, wewe hujui hii hadithi. Jabali bado anakuja."

Nikaingia ndani, nikazichana zile kurasa mbili.

Kesho nampigia mhariri. Jabali haingii. Akikataa kuchapa, shauri yake, kitabu cha nne kitakuwa na msomaji mmoja tu, Asege.

Kama atakubali kukisoma.